Anakula nini?

Bibi yangu hajawahi kuiona bahari. Krismasi ya mwaka juzi nilimwonyesha picha ya samaki kwenye simu. Aliishika ile simu mbali na uso, kama anavyoshika Biblia siku hizi, akaikodolea macho, kisha akauliza: "Anakula nini?"

Nilitegemea aulize bei. Dar es Salaam kila mtu huanza na bei. Wengine huuliza kama anang'ata, vijana huuliza kama rangi zile ni zake kweli au zimetengenezwa na simu. Lakini siku ile, pale Mamboya, picha ilizunguka kwa watu kama saba, kutoka uani kwa bibi hadi barazani kwa jirani, na kila mmoja kwa namna yake aliishia palepale: sawa, ni mzuri, mnamlisha nini? Nilibabaika. Samaki mwenyewe alikuwa ameshakufa miezi kadhaa nyuma, na kilichomuua ni swali hilohilo ambalo mimi na bosi wangu hatukuliuliza siku tuliyomnunua.

Nimezaliwa Mamboya, wilaya ya Kilosa, kwenye vilima vya Ukaguru. Zamani misafara ya kutoka Saadani kwenda Mpwapwa ilipita kwetu, na vitu vya pwani vikapanda milima kwa vichwa vya wapagazi. Mpaka leo samaki wa baharini kwetu ni yule anayefika mnadani akiwa ameshakauka, ng'onda au papa, mgumu kama ubao wa kitanda. Samaki hai wa chumvi nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 24, nimeajiriwa kutunza bustani ya nyumba moja Mikocheni. Bosi alirudi safari ya Dubai na wazo la kuweka akwariamu ya maji ya bahari sebuleni. Akaniita. "Wewe si unamwagilia maua? Basi utawaweza na hawa."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, nikiwa na mpira wa kumwagilia mkononi. Sasa natunza matangi ya nyumba kadhaa, na ninachosema hapa nimekilipia.

Tangi la kwanza lilikuwa la lita 120. Tulilijaza, tukaweka mchanga, mawe, pampu na taa, tukasubiri wiki 6. Katika muda huo bakteria huota kwenye mawe, wakaifanya sumu ya amonia inayotokana na uchafu wa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Nilipima kila asubuhi kwa vichupa vya dawa. Siku amonia na nitriti ziliposoma sifuri, bosi alinipigia makofi. Tukaenda dukani.

Tulichukua klaunifishi 2, wale wa rangi ya chungwa ambao watoto wote wanawajua kwa sababu ya filamu. Kisha bosi akainama kwenye tangi la chini, akakaa pale bila kusimama. Kulikuwa na kasamaki kanatembea. Hakaogelei, kanatembea, kwa mapezi mawili ya tumboni kama kuku anayevuka kwenye matope. Hatua mbili, kanasimama. Macho yake yamechomoza juu ya kichwa na yanazunguka, moja huku, jingine kule, kama ya kinyonga. Kanainamisha kichwa upande, kanatazama mchanga, kanadonoa. Hatua mbili tena. Mwili una mabaka ya kahawia, nyekundu na nyeupe, na dume akikasirika au akitongoza husimamisha pezi la mgongoni likawa kama tanga la jahazi. Dukani kibandiko kilisema "skuta". Nikamuuliza muuzaji kama ni mkali. "Huyo? Mpole kuliko wote. Hagombani na mtu."

Hakunidanganya. Ni mpole kweli.

Jina lake la kitaalamu ni Synchiropus stellatus. Alipewa mwaka 1963 na J. L. B. Smith wa Afrika Kusini, mtaalamu yuleyule aliyeutambulisha ulimwengu samaki wa kale silikanti mwaka 1939, huyo ambaye wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi tangu miaka ya 2000. Skuta ni wa Bahari ya Hindi, kuanzia kwenye matumbawe yetu haya. Urefu wake haupiti kidole cha kati. Nilipomwonyesha picha mvuvi mmoja wa Kunduchi alicheka: hana mnofu, sasa tumwite jina la nini? Hana magamba pia. Mwili wake umefunikwa na ute unaonuka, na ndiyo silaha yake, wakubwa humtema. Ana binamu maarufu zaidi, mandarini, wa Pasifiki ya magharibi, mwenye rangi ya bluu ambayo ukiiona unadhani mtu amemchora kwa kalamu. Bluu ya vipepeo na ndege wengi ni mchezo wa mwanga tu, hakuna rangi ya bluu ndani. Ya mandarini ni rangi halisi, imo kwenye seli za ngozi. Wajapani wawili, Goda na Fujii, walilieleza jambo hilo mwaka 1995, na wanyama wenye bluu ya namna hiyo wanaojulikana ni wachache mno. Wote hao, skuta na mandarini na ndugu zao, wana tabia moja: kutwa nzima wanatembea na kudonoa.

Wanadonoa nini? Hapo ndipo tulipoanguka. Wanakula vidudu hai, ndugu wadogo wa kamba na kaa, wengi wao wadogo kuliko punje ya ulezi, wanaoishi kwenye vitundu vya mawe na katikati ya mchanga. Wataalamu huwaita kopepodi. Skuta humeza kimoja, baada ya sekunde chache kingine, hivyo hivyo tangu jua linachomoza hadi linazama. Chakula cha punje kinachoelea hakioni kama chakula. Kimeanguka mbele ya pua yake mara nyingi nikimwangalia. Anakikanyaga, anapita.

Tangi la wiki 6 lina maji mazuri. Vidudu halina. Vile vichache vilivyokuja na mawe viliisha ndani ya wiki mbili au tatu, na baada ya hapo samaki akaanza kula mwili wake mwenyewe. Mimi sikujua. Nilikuwa nikitupa punje asubuhi na jioni, klaunifishi wanazipokea kwa vurugu, punje zinaisha, nami naandika kwenye daftari: wamekula. Skuta alikuwa chini, akidonoa. Ukimtazama kwa mbele, kutoka kwenye kochi, alionekana mwenye shughuli kuliko wote nyumbani. Siku moja nikapanda kwenye kiti kusafisha taa, nikamtazama kwa juu. Kichwa kilikuwa kipana, na nyuma ya kichwa mwili umebaki kama mpini wa kijiko. Tumbo limeingia ndani, uti wa mgongo unahesabika. Bado alikuwa akidonoa mchanga mtupu.

Alikufa wiki ya 7 tangu tumlete. Mtoto wa bosi, wa miaka 6, ndiye aliyemkuta. Hakulia. Aliuliza kama skuta alikuwa anatuambia njaa na sisi hatusikii.

Samaki mkali akiwa na njaa huuma wenzake, utajua kuna jambo. Mpole hasumbui. Hapiganii chakula, hajitupi juu ya maji, anaendelea na kazi yake mpaka anaisha. Kwa hiyo mtu anaposifia upole wa samaki huyu kana kwamba ni urahisi wa kumfuga, namwona anafanya kosa lilelile la nyumba nyingi kuhusu mfanyakazi asiyelalamika. Tuyaache hayo.

Nilipomweleza mjomba habari hizi, Krismasi ileile, alinisikiliza hadi mwisho. Sisi Wakaguru ukoo tunauhesabia kwa mama, kwa hiyo mjomba akiamua kukusikiliza hadi mwisho ujue kuna hukumu inakuja. Akanikumbusha mtamba wake. Nilikuwa mdogo wakati kijijini kulikuja mradi wa kukopesha ng'ombe wa maziwa: unapewa mtamba mwenye mimba, akizaa jike unampeleka kwa jirani anayefuata, deni limekwisha. Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mjomba alijiandikisha wa kwanza. Mabwana mifugo walipokuja hawakumuuliza ana pesa ngapi. Waliomba waonyeshwe banda, wakapima sakafu na hori, kisha wakaomba waonyeshwe majani. Mjomba aliwapeleka kwenye kipande chake cha mabingobingo. Yalikuwa yamefika magotini. Wakafunga daftari, wakasema watarudi baada ya mvua.

Aliwachukia mwaka mzima. Alisema wanamnyima ng'ombe mtu mwenye hamu naye kuliko wote. Waliporudi mabingobingo yalikuwa yamempita kimo, na mtamba akaja. Ng'ombe yule aliishi pale miaka mingi, alizaa, na jirani wa tatu ana kizazi chake hadi leo. "Ninyi huko mjini," mjomba aliniambia, "mmepewa ng'ombe kabla majani hayajaota. Mlitegemea nini?"

Na hilo ndilo neno ninalotaka kulisema gazetini, nikiwaelekeza wauzaji wa samaki wa mapambo wa Dar es Salaam na popote biashara hii ilipofika: skuta na ndugu zake wasiuzwe kwa mtu ambaye majani yake hayajaota. Muuzaji aulize tangi lina umri gani. Chini ya mwaka mmoja, au tangi dogo lenye mawe ya kuhesabika, amwambie mteja arudi baadaye, kama mabwana mifugo walivyomwambia mjomba. Na kibandiko kile kinachosema "mpole" kiongezewe mstari mmoja wa kueleza anakula nini. Wino wa mstari mmoja haumfilisi mtu.

Najua jibu la wauzaji, nimelisikia kaunta hadi kaunta. Nisipomuuzia mimi atauziwa na jirani. Labda. Lakini mteja aliyezika samaki watatu mfululizo huuza tangi, pampu na taa mtandaoni kwa bei ya kutupa, na hammwoni tena. Nimeyashusha ukutani matangi ya aina hiyo mimi mwenyewe. Yule aliyeambiwa ukweli huendelea kununua chumvi kwenu.

Wapo pia wanaosema skuta wengine hufundishika kula chakula kilichogandishwa. Ni kweli, hutokea, na nje kuna mashamba yanayozalisha mandarini tangu yai, ambao wamezoea chakula cha barafu toka utotoni. Hao ni rahisi zaidi. Basi muuzaji anayesema wake anakula barafu amlishe mbele yangu kabla sijatoa pesa. Mnadani hununui jogoo kwa kuhadithiwa anavyowika.

Sheria haikosi. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama asimwache na njaa wala kiu. Ila sidhani kuna bwana mifugo atakayeingia sebuleni kwa mtu Mikocheni kumtazama samaki kwa juu. Ndiyo maana nazungumza na mwenye duka. Yeye ndiye wa mwisho kuwaona wote wawili, samaki na mnunuzi, kabla mlango haujafungwa.

Kuna watu ninaowaheshimu ambao wangeniambia niache kuzungukazunguka, samaki wabaki baharini, basi. Hoja yao ina uzito. Ufilipino mandarini wamekuwa wakikamatwa kwa mkuki mdogo wenye ncha ya sindano, unaotoboa pezi. Jirani zetu Kenya wamekuwa wakisafirisha samaki hai wa matumbawe kwa miongo mingi. Na matumbawe yenyewe, baada ya baruti na joto la mwaka 1998 lililoyageuza meupe, hayana cha ziada cha kuchezewa. Mimi simruhusu mteja wangu yeyote kuokota jiwe hai baharini. Lakini kusema mtu asifuge kabisa, hapana, siwezi, na sababu yangu iko wilayani kwetu.

Nikiwa mtoto nilipelekwa likizo kwa mama mdogo, Kimamba, kwenye mashamba ya zamani ya mkonge karibu na reli ya kati. Mvua ikinyesha, mashimo ya kandokando ya barabara yalijaa maji, na baada ya wiki chache yakawa na visamaki vyenye rangi ambazo sijaziona tena mpaka nilipoingia duka la samaki wa bahari. Tuliambiwa vimeshuka na mvua. Kiangazi mashimo yanakauka, vinakufa vyote, na mvua ijayo vinashuka tena. Hakuna aliyejali, ni vidogo, havina mnofu. Nimekuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba mmoja wao anajulikana kwa jina la Nothobranchius steinforti, na aliyeuandikia ulimwengu habari zake mwaka 1977 ni Mholanzi, Wildekamp, kwa samaki waliochukuliwa jirani na Kimamba yetu. Havishuki na mvua. Vinataga kwenye matope, mayai yanalala ardhini kiangazi chote, na maji yakija yanaanguliwa.

Ulaya wapo wafugaji wanaovitunza hadi leo, kizazi baada ya kizazi. Namna yao ndiyo iliyonifungua macho. Hawakuvichukua tu wakavitia kwenye chupa safi. Walijifunza kiangazi cha Kimamba. Wanaviwekea udongo wa mboji chini vitagie humo, wanautoa ule udongo, wanaukamua uwe na unyevu kidogo tu, wanaufunga kwenye mfuko wa plastiki, wanauandika tarehe na kuuweka kabatini miezi kadhaa. Wakiona umefika wakati, wanaumwagia maji. Mtu yuko kwenye ghorofa, nje theluji, na kabatini mwake kuna masika ya Kilosa yamefungwa kwenye mfuko. Sisi tuliotembea pembeni ya mashimo yale tukienda dukani kununua sukari hatukujua hata kwamba samaki ana majira.

Kwa hiyo kufuga kunawezekana, na kufuga kwa namna hiyo huenda ndiko kujua. Ningefurahi nikiona mwalimu wa Kilosa ana tangi la visamaki vya Kimamba darasani. Ni rahisi kuliko skuta, wala havihitaji chumvi ya kuagiza.

Bosi hakukata tamaa. Baada ya msiba ule nilimwambia ukweli, kwamba kama anataka skuta mwingine itabidi tuanze na kitalu, na kitalu kitachukua karibu mwaka. Alinung'unika kama mjomba, kisha akakubali. Tulinunua tangi la lita 300, na chini yake, ndani ya kabati, nikaweka sanduku la kioo la lita 40 ambamo hakuna samaki hata mmoja. Kuna fungu la mwani wa nyuzinyuzi, vipande vya mawe, na taa inayowaka usiku juu ya mwani huo wakati wa sebuleni wamelala. Pampu inazungusha maji kati ya juu na chini. Mawe yote yalikuwa makavu, ya dukani. Mbegu ya vidudu niliipata kwa mfugaji mwenzangu aliyenipa konzi ya kokoto kutoka kwenye tangi lake la miaka 5, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, nikazibeba kwenye daladala mapajani kama mtu anayesafirisha vifaranga.

Miezi minne ya kwanza hakuna kilichoonekana. Umeme ulikatika usiku mmoja kwa saa nyingi, nikakesha nakoroga maji kwa kikombe. Mwezi wa 5 nilizima taa zote, nikapiga tochi kwenye kioo kwa pembeni, nikaona nukta nyeupe mbili. Moja ikaruka. Mwezi wa 8 nilikuwa nikihesabu nukta kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, nafika 20, napoteza hesabu kwa sababu zinarukaruka. Wageni wa bosi walikuwa wakija, wanatazama tangi kubwa lenye mawe na mwani na maji matupu, wanamuuliza samaki wako wapi. Akawa anawajibu kwa fahari kidogo kwamba ndani mna maelfu.

Mwezi uliopita, mwezi wa 11, mtoto wa bosi aliniomba tochi. Sasa anasoma darasa la 3. Alipiga magoti mbele ya kioo, akazima taa mwenyewe, akatulia kimya. Simu yangu ikaita. Alikuwa mjomba, kutoka Mamboya, mahali pa mlimani anapopandaga kutafuta mtandao.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Niambie, majani yameota?"

"Yameota, mjomba. Yanaruka."